Karibuni Mkae

Tarehe 3 Machi

Daftari hili nimepewa na binti yangu ili ninyamaze. Hakusema hivyo, maana amelelewa vizuri, na aliyemlea ni marehemu mama yake, si mimi. Alisema, "Baba, uwe unaandika ya kila siku, usisahau." Lakini namjua. Jana alikuja mtu kuulizia huduma, mteja wa kwanza kabisa, nami nikachangia neno dogo tu kuhusu kola ya shati lake. Mteja akaondoka na kola yake. Leo asubuhi nimekuta daftari mezani, kalamu juu yake.

Haya, naandika. Shule niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne nilikaa karibu na mlango. Baada ya hapo nikawa utingo wa malori, nikafunga turubai na kusukuma matairi mpaka nyonga ikagoma. Mtaani wananiita Mzee Utingo. Wakiwa na hasira wananiita mengine.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu, kitinda mimba, alikuwa dobi katika hoteli kubwa. Hoteli ikafungwa. Akarudi nyumbani na pasi moja na maarifa yake, akazunguka nyumba akitafuta pa kuyaweka, macho yakatua kwenye stoo yangu. Humo nilikuwa na matairi, minyororo na jeki bovu ambalo bado nina matumaini nalo. Vyote viko nje sasa. Stoo imekuwa chumba cha kukaushia nguo. Pipa la mafuta limegeuzwa tanuri, bomba la moshi limetokea dirishani, kamba zimepita huku na huku kama nyuzi za gitaa. Mvua inakuja, anasema, watu watavaa nguo mbichi zinazonuka ukungu, na mtu yuko tayari kulipa asinuke.

Nikamwuliza, "Na wasipolipa?"

Akasema mwenzake wa zamani wa hotelini amempatia nafasi kwenye kiwanda cha kufulia, mji wa mbali, safari ya kulala njiani. Watamngoja mpaka mvua ziishe, basi.

"Chumba kikisimama, nakaa. Kisiposimama, nakwenda, Baba." Alisema hivyo kama mtu anayesema chai imepoa.

"Na mimi?"

"Shangazi yupo."

Shangazi ni dada yangu. Afadhali nibaki na jeki.

Tarehe 5 Machi

Tangu leo namwita Bosi. Amekubali.

Bosi aliniambia nimwandikie kibao: NGUO ZIKAUSHWE HAPA. Fundi, yaani seremala wa nyumba ya pili, alitoa ubao. Mimi nikatoa rangi yangu ya enzi za lori, imeganda kama ugomvi wa zamani, nikailainisha kwa mafuta ya taa. Lakini NGUO ZIKAUSHWE HAPA ni maneno ya askari. Nikaandika KARIBUNI NGUO ZIKAUKE. Rangi ikaisha hapo, na nusu ya ubao bado tupu.

Sasa mimi ubao mtupu unaniuma, kama lori linalorudi bila mzigo. Fundi akanipa rangi yake nzuri, ile ya milango, nikajaza: KARIBUNI MKAE.

Bosi alisimama akasoma. "Hilo la pili nani kakuagiza?"

"Adabu," nikasema. "Umesikia wapi mtu akakaribishwa asimame?"

"Hawa ni wateja, Baba, si wageni."

"Hotelini kwenu waliokuwa wakilala mliwaitaje?"

Akafikiri. "Wageni."

"Na walikuwa wakilipa?"

Akacheka, ubao ukapigiliwa. Naandika kwamba alicheka, isije ikasemwa baadaye kwamba nililazimisha.

Tarehe 9 Machi

Mvua.

Tarehe 10 Machi

Mvua. Jeki linaloa.

Tarehe 13 Machi

Sikujua kwamba watu wana nguo nyingi hivi. Chumba kimejaa mpaka ukiingia unapigwa makofi na mikono ya mashati. Nesi wa hospitali anayeishi mtaa wa juu ameleta sare zake nyeupe, asubuhi zikatoka kavu, zimepigwa pasi, hazina hata alama ya kibanio. Aliishika moja, akainusa, akalipa, akasema atawaambia wenzake. Na kweli aliwaambia, maana jioni walikuja wengine.

Bosi anakataza kukamua. Shati analining'iniza kwa upindo, kichwa chini, nyeupe anaziweka mbali na bomba. Nikimtazama akipita chini ya kamba, ananyoosha hapa, anageuza pale, nasema moyoni kwamba kinasimama hiki. Kinasimama.

Jambo moja niliandike. Ndani ya chumba kile hakuna kitu kilichonunuliwa isipokuwa pipa. Fremu za kuning'inizia na benchi katengeneza Fundi. Kuni za tanuri ni maranda na vipande vya mbao kutoka karakana yake, anavileta mwenyewe na toroli. Mabati ya kuzibia paa katoa dada yangu. Kamba katoa Mama Mayai, anayefuga kuku nyuma yetu. Bosi alipotaka kumlipa Fundi, Fundi alinuna kabisa.

"Nikulipishe wewe? Mimi niliyekuona ukitambaa?"

Bosi akashukuru. Mimi pia nikashukuru. Tungefanya nini?

Tarehe 17 Machi

Fundi akileta maranda hukaa kidogo apate joto. Ni haki yake, karakana yake ni paa bila kuta. Leo alikaa asubuhi, akatoka mchana kula, akarudi.

Tarehe 18 Machi

Na Mama Mayai. Amekuja kuona kama kamba yake inafaa. Inafaa. Akakaa.

Tarehe 19 Machi

Dada yangu amekuja kuangalia mabati. Yapo. Amekaa upande wangu wa benchi. Anaeleza habari za meno yake.

Tarehe 24 Machi

Sijacheka hivi tangu lori letu lilipopinduka na mzigo wa magodoro. Mama Mayai ameleta vifaranga. Boksi zima. Umeme umekatika na taa yake ya kuwapa joto haiwaki.

"Mwanangu, ni hapa pembeni tu," akamwambia Bosi. "Hata hawasemi."

Wanasema. Hawanyamazi. Bosi alitazama boksi, akatazama sare za nesi, akatazama kamba, ile kamba ya Mama Mayai inayobeba sare za nesi. Niliona neno likimpanda mpaka kooni, likashuka tena.

"Wasikae karibu na nyeupe," akasema.

"Hawatakaribia hata kidogo, wana adabu hawa."

Mtaa mzima uko mle sasa. Ukiingia unakuta watu wamekaa chini ya nguo, vichwa vimefunikwa na suruali za watu, wanazungumza bila kuonana. Raha tupu. Mtaa huu ulikuwa na chuki za miaka, leo zote zimekaa benchi moja. Nikamwambia Bosi, "Umefanya kazi ambayo wakubwa wameshindwa."

Akasema, "Baba, leo nimepokea mashati mawili tu."

Tarehe 28 Machi

Nesi alirudisha sare. Hakufoka. Ingekuwa heri afoke.

"Dada, nusa hapa," akamwambia Bosi.

Bosi akanusa. Nikanusa na mimi, ingawa sikuombwa. Kuku, mbao, dawa ya kikohozi ya mtu, na kitu kama soksi.

Nikajaribu kusaidia. "Wagonjwa wako watapata hamu ya supu, hiyo peke yake ni tiba."

Nesi hakucheka. Akamwambia Bosi pole, kama anampa habari ya msiba, akaondoka na sare zake mkononi, huku zinaloa. Na nesi ni njia ya hospitali yote, Bosi ananiambia, akiondoka haondoki peke yake.

Bosi hakunigombeza. Aliniletea daftari hili na kuliweka mapajani mwangu.

Tarehe 2 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Mstari wangu wa kwanza kwenye kibao, ule wa rangi ya mafuta ya taa, umeoshwa wote. Hakuna hata doa. Wa pili, kwa rangi ya milango ya Fundi, unang'aa kama jana.

Kwa hiyo kibao cha biashara ya binti yangu sasa kinasema: KARIBUNI MKAE.

Nilikwenda na kitambaa kuusugua. Nikasugua mpaka nyonga ikalia. Rangi ya Fundi ni rangi, jamani. Wapita njia wakadhani naisafisha ing'ae, wakanipongeza.

Tarehe 6 Aprili

Bosi ameficha benchi. Alilitoa asubuhi kabla watu hawajaamka, akaliweka nyuma ya choo na kulifunika turubai. Alifikiri wakikosa pa kukaa watasimama, wakichoka kusimama watakwenda. Ni akili ya kisomi, na mimi niliisifu.

Fundi akaja na maranda, akaona hakuna benchi.  Akaondoka, tukasikia nyundo mpaka jioni. Akarudi na benchi jipya, refu kuliko lile, lenye mgongo wa kuegemea.

"Nilijua lile litavunjika," akasema. "Mbao ilikuwa mbichi. Msamehe baba yako mdogo, Bosi. Hili utazeeka nalo."

Alikuwa amelikwangua kwa msasa mpaka linateleza. Bosi alilishika kwa mkono, akalipapasa, akasema, "Zuri sana, Fundi." Kisha akatoka nje, akasimama kwenye mvua kana kwamba anatafuta kitu.

Nilimfuata. "Mwambie ukweli."

"Nimwambieje, Baba? Moto ule unaowaka humo ni wa nani?"

"Wake."

"Fremu?"

"Zake."

"Sasa nimfukuze kutoka wapi? Kutoka kwake?"

Nilikuwa na jibu la utani. Sikulitoa.

Tarehe 11 Aprili

Shati moja. La Fundi. Bure.

Tarehe 15 Aprili

Nimeanza kumtazama Fundi kwa jicho baya, naandika ukweli. Nilikuwa nikimwona kama ndugu. Sasa akicheka nahesabu meno yake. Leo alinimegea mkate wake, nikaula, nikaendelea kumchukia huku natafuna. Inawezekana. Sikujua.

Tarehe 20 Aprili

Habari! Mwenye gesti wa barabara kubwa, yule wa jengo la ghorofa lenye vioo, alimkuta Bosi sokoni. Mashuka yake hayakauki, wageni wanalalamika yana ubaridi kama ngozi ya chura. Nesi alimwambia zamani kuhusu chumba chetu, ile wiki aliyokuwa akifurahia, na mwenye gesti alikuwa bado hajasikia habari ya kuku. Atakuja tarehe ishirini na nne kukagua. Akiridhika, analeta mashuka yote, mvua hii na mvua zijazo, na wakati wa jua analeta ya kupiga pasi.

Bosi alinieleza huku amenishika mikono yote miwili. Hajanishika hivyo tangu mama yake alipofariki.

"Kikisimama hiki, Baba, nawaandikia kiwandani kwamba siendi."

Tarehe 23 Aprili

Bosi amepita nyumba hadi nyumba. Nilikwenda naye kumsindikiza, yaani kusikiliza. Kila mlango aliomba kitu kimoja: "Kesho naomba chumba kiwe changu peke yangu. Kuna mtu anakuja."

Nilidhani watanuna. Wapi! Mama Mayai alimkumbatia. "Kesho tu? Hata keshokutwa!" Akabeba boksi lake papo hapo. Dada yangu akatoa udi wa kufukizia. Fundi alibeba benchi lake begani mwenyewe, akafagia maranda, akapaka chokaa ukuta wa ndani bila kuulizwa. Nikaanza kumpenda tena, ikanibidi.

Jioni chumba kimekaa kama mdomo uliopigwa mswaki.

Tarehe 24 Aprili

Nitaandika kwa mpangilio.

Asubuhi Bosi alitundika shuka moja jeupe katikati ya chumba, lile la kitanda chake mwenyewe, amelifua na kulinyoosha mpaka linasimama kama ukuta. Moto ulikuwa mzuri. Alivaa gauni la kazi la hotelini. Mimi niliamriwa nikae kitini mlangoni, nisalimie, niishie hapo. Nilifanya mazoezi: "Karibu bwana." Basi. Bila nyongeza.

Mvua haikuwa ya kawaida. Ilikuwa inamwagwa. Tulisikia kitu nyuma ya nyumba, si radi, kizito kuliko radi na kifupi. Kisha kelele ya Mama Mayai.

Ukuta wake ulikuwa umeanguka. Ule wa chumba anacholala mama yake, Bibi, ambaye hajainuka kitandani tangu mwaka jana. Ulianguka kwa nje, Mungu ni mwema, lakini mvua yote ikaingia kitandani.

Niliwaona wakija. Fundi na wanaume wengine wamembeba Bibi juu ya mlango waliong'oa, Mama Mayai anashikilia beseni juu ya kichwa cha mama yake kama mwavuli. Bibi alikuwa na rangi ya majivu. Walifika kizingitini kwetu wakasimama.

Hawakuingia. Hilo ndilo nataka kuliandika vizuri. Watu walioingia mle kila siku bila hodi, leo walisimama nje, maji yanawatiririka migongoni, wakatazama shuka jeupe, hakuna aliyenyanyua mguu.

Fundi akasema, "Bosi, ukisema hapana tunampeleka kwa Shangazi."

Kwa dada yangu ni ng'ambo ya mtaro, na mtaro ulikuwa umeshakuwa mto. Fundi alilijua hilo. Bosi alilijua. Hata Bibi nadhani alilijua. Meno ya Mama Mayai yanagongana.

Nilimtazama binti yangu. Sijui nilitaka afanye nini. Nasema uwongo, nilijua nilichotaka, na nilitaka vyote viwili.

Bosi alishika ncha ya shuka, akalivuta kutoka kwenye kamba, vibanio vikaruka.

"Mlazeni hapa karibu na moto," akasema. "Mvueni hizo nguo. Wanaume tokeni." Akamfunga Bibi na shuka lile kama mtoto mchanga.

Baada ya hapo mambo yakaja yenyewe. Vifaranga wakaletwa, nani angewaacha? Watoto wa Mama Mayai wakaletwa. Godoro linalochuruzika likaegemezwa ukutani, kwenye chokaa mpya. Dada yangu alivuka mtaro, sijui kwa miguu ya nani, akaanza kuchemsha maji. Kila mtu akawa ameingia, maana kila mtu alikuwa na kazi.

Ndipo mwenye gesti akafika. Mwavuli mkubwa, viatu safi.

"Karibu bwana," nikasema.

Akachungulia. "Nimeambiwa hapa ni mahali pa kukaushia mashuka."

"Ndipo penyewe," nikasema. Na nilipaswa kuishia hapo. "Unaona mwenyewe, hata mabibi tunawakausha."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia utani wangu ukianguka sakafuni kama kijiko.

Mwenye gesti si mtu mbaya, ningependa awe mbaya. Alivua kofia. Aliuliza kama Bibi ni mzima. Alimwambia Mama Mayai pole. Alisimama muda wa kutosha kwa heshima, kisha akamvuta Bosi kando, nami niko karibu.

"Mwanangu, umefanya jambo jema. Mimi pia nina mama. Lakini mashuka yangu wanalalia wageni. Mgeni akisikia yalining'inia juu ya mgonjwa na kuku..."

"Naelewa," Bosi akasema.

"Kama ungekuwa na chumba kingine."

"Naelewa."

Fundi alikuwa amesikia. Akaja mbio, mikono inachuruzika. "Bwana, sisi huwa hatumo humu! Leo ni ajali tu! Huyu binti chumba chake huwa kitupu kabisa!"

Alikuwa anamtetea, maskini, kwa nguvu zake zote. Na nyuma yake, kupitia mlangoni, kibao changu kilikuwa kinaonekana vizuri. Mwenye gesti alikisoma wakati anafungua mwavuli. Aliinama kidogo kwa Bosi, akaenda.

Bosi alirudi ndani kuongeza kuni.

Tarehe 25 Aprili

Bibi amekunywa uji. Ameniita mjinga. Atapona.

Tarehe 29 Aprili

Mtaa wote unamsifu Bosi. Anapopita wanasimama. Dada yangu alimshika shavu, akasema, "Umejenga jina, mwanangu."

"Jina halipakwi kwenye mkate, Shangazi."

"Hee! Huyo ni baba yako anayesema."

Mama Mayai na watu wake wanalala chumbani mpaka ukuta ujengwe upya. Matofali hayakauki kwa mvua hii. Mtu angefanya biashara ya kuyakausha.

Tarehe 4 Mei

Mvua.

Tarehe 7 Mei

Mvua nyepesi. Bosi ameandika barua ya kiwandani. Sikuisoma. Iliandikwa kwa mistari michache, nilimwona akiikunja, na mtu anayekataa nafasi huandika marefu, anajieleza.

Tarehe 12 Mei

Nilimwambia Fundi. Siwezi kunyamaza, kila mtu anajua, daftari halikusaidia. Nilimkuta anaranda mbao.

"Fundi, Bosi anaondoka."

"Anakwenda wapi?"

"Kiwandani, mbali. Chumba hakikusimama."

Aliacha randa. "Hakikusimama vipi? Mbona kimejaa kila siku?"

Nilimtazama kutafuta kama ananitania. Hakuwa ananitania. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeambiwa kwamba mvua si maji.

"Kimejaa nini, Fundi?"

 Nikaona jambo linaingia ndani yake polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kiatu. Akakaa juu ya maranda.

"Kwa nini hakusema?"

"Angesemaje?"

Nilikwenda pale nimchome kidogo moyo, nikamkuta hana pa kuchomwa. Tukakaa wote wawili, wazee wapumbavu, hatukupata la kufanya.

Tarehe 13 Mei

Nasikia kuna kikao kwa dada yangu. Sikualikwa kwa sababu ya mdomo.

Tarehe 15 Mei

Jua! Limetoka kama mtu aliyechelewa na hana haya. Mtaa unafuka mvuke. Kila uzio una nguo.

Tarehe 16 Mei

Jua kali. Nilipita nyuma ya karakana nikamkuta Fundi ameinama kwenye ndoo. Anazamisha shati. Shati safi, la kutokea, lina mikunjo ya pasi.

"Fundi, unafanya nini?"

"Naloanisha."

"Kwa jua hili?"

"Ndiyo maana naloanisha. Ondoka, Mzee Utingo, na usiseme."

Nilipofika nyumbani foleni ilikuwa mlangoni. Mama Mayai na mapazia. Dada yangu na shuka la arusi yake, ambalo hata mumewe aliyekufa hakuruhusiwa kulilalia. Watu wa mtaa wa pili sijui hata majina yao. Wote wana nguo zinazochuruzika, wote wanatazama juu kana kwamba mvua inanyesha.

"Tumekuja kukausha," dada yangu akasema. "Kwa kulipa. Na hatukai."

Kweli walikuwa wamesimama. Mama Mayai alikuwa ameshahamisha watu wake kwa jirani, chumba kimefagiliwa.

Bosi alipokea shati la Fundi. Aliligeuza, akaona mikunjo ya pasi, mikunjo yake mwenyewe, ya lile shati la bure la mwezi uliopita.  Kisha akamwambia, "Kesho asubuhi litakuwa tayari, Fundi," na akapokea malipo, na akasema, "Anayefuata."

Walipoondoka nikamwambia, "Kamba ziko nje, jua ni la bure. Usijichome bure."

"Wamelipia kukaushwa chumbani, Baba."

Akawasha tanuri. Nje watu wanatafuta kivuli, ndani binti yangu anapita chini ya kamba, jasho linamdondoka kidevuni, ananyoosha hapa, anageuza pale. Hakuacha mpaka kila kitu kikapigwa pasi.

Tarehe 17 Mei

Nimemkuta anafunga begi. Nikamwuliza nauli amepata wapi.

 Alitazama upande wa chumba, nguo zote zimekunjwa zimepangwa, na mimi nikaelewa. Nikaomba moyoni mtaa usielewe.

Tarehe 18 Mei

Ameondoka asubuhi. Walikuja wote kumsindikiza. Fundi alibeba begi. Dada yangu alilia kwa kelele ambayo haikuhitajika. Bosi aliwaambia, "Nguo zenu ziko tayari, mchukue leo." Wakaitikia wote ndiyo, ndiyo.

Mimi aliniambia, "Baba, usiwatanie sana. Na ule moto uzime kabisa."

Nilikuwa nimeandaa utani mzuri wa kuagana. Gari lilikuja mapema.

Tarehe 23 Mei

Hakuna aliyekuja kuchukua nguo.

Leo nilimwona Fundi anapita na shati lile lile la kazi, limechanika kwapani. Nikamwita. "Shati lako safi liko hapa, limepigwa pasi, njoo ulichukue."

"Si wewe niliyekupa," akasema, bila kusimama.

Nikaenda kwa Mama Mayai. Madirisha yake wazi, jua linampiga Bibi usoni. "Mama Mayai, mapazia."

"Nitachukua akirudi. Nilimkabidhi yeye."

Dada yangu ndiye aliyenieleza, kwa kiburi, kama mtu aliyeshinda kesi. Wamekubaliana. Mtu hawezi kuacha kazi na nguo za watu ziko kwake, lazima arudi kuzikabidhi. Wamemwandikia hivyo. Wanasubiri.

Sikumwambia kwamba malipo yao ndiyo yaliyomlipia gari.

Tarehe 30 Mei

Jua, na sasa vumbi limeanza. Linaingia kwa lile tundu la bomba la moshi. Leo nimeshusha nguo zote, nikazikung'uta mlangoni moja moja, na kuzikunja kama nilivyomwona akikunja. Hazikunjiki. Mikono ya utingo inajua turubai. Shuka la dada yangu limenishinda kabisa, nimelikunja likawa kama mtu amelala ndani.

Fundi alikuja akasimama nje ya mlango. Haingii siku hizi, hakuna anayeingia. Alinitazama nikihangaika na mapazia.

"Shika ncha ile," nikamwambia.

Akavuta miguu, akapangusa viganja kwenye suruali, akaingia, akashika. Tukavuta, tukakunja, ikatoka mbaya. Tukafungua, tukaanza tena.